Lawama za Wageni na Wajibu wa Wenye Shughuli Katika Nchi ya Machakos

Hakuna shughuli ya watu wengi, iwe arusi au ngoma, mashindano au maonyesho, ambayo waliohudhuria huondoka wakaenda zao wasiseme neno. Na katika nchi ya Machakos, ambayo watu wake wamejaliwa tangu kale kupenda kukusanyika, yasemwayo baada ya shughuli hudumu midomoni muda mrefu kuliko shughuli yenyewe. Mgeni atokaye mbali, akiwasikia watu njiani wakirejea kwao, huyu akinung'unika kwamba nyama ilikuwa haba, yule kwamba wazee walikalishwa juani hali vijana wako kivulini, na mwingine kwamba wapigaji muziki walichelewa hata watoto wakalala, aweza kudhani kwamba Wakamba ni kaumu isiyoridhika. Dhana hiyo haina insafu. Mtu halalamikii jambo asilolijali. Na aliyetoka Mwala au Kathiani, akatoa kiingilio kwa jasho lake, akasimama usiku kucha kwa ajili ya shughuli ya mwenzake, ana haki katika shughuli hiyo, na lawama yake ni dai la haki hiyo. Wazee wetu walilifahamu jambo hili barabara, wakaiwekea lawama mahali pake, wakati wake na watu wake. Nasi tumerithi mikusanyiko tukayaacha yale yaliyoilinda. Muradi wangu ni kueleza desturi hiyo ilivyokuwa, na kuonyesha hasara iliyotupata kwa kuitupa.

Kabla Kampuni ya Kifalme ya Waingereza haijajenga ngome yake hapa mwaka 1889, na hata miaka mingi baadaye, maisha ya Mkamba yalizungukia utui, yaani ujirani wa miji kadhaa iliyokaribiana, wenye wazee wake wa kuamua mashauri na uwanja wake wa kuchezea ngoma. Nje ya ua wa mji palikuwa na thome, mahali pa wazi ambapo wanaume walikoka moto jioni, wakaota, wakazungumza habari za ng'ombe na za mvua, na wavulana wakakaa kando kusikiliza. Mzee alikwenda thome na fimbo yake, na kichupa chake cha ugoro, na kiti chake cha miguu mitatu kilichochongwa katika kipande kimoja cha mti. Na kiti cha mtu mwenye cheo aghalabu kilitiwa nakshi ya nyuzi nyembamba za shaba, zilizogongwa moja moja hata zikazama katika mti zikalingana na uso wake, kwani Wakamba walikuwa mafundi wasiokuwa na kifani wa kufua nyuzi na mikufu. Kiti hicho hakikukaliwa na kila apitaye. Mwenye kiti alikuwa na haki ya kusema, na akisema alisikilizwa hata akamaliza.

Cheo hakikupatikana kwa mvi peke yake. Kijana alikuwa miongoni mwa anake, ambao kazi yao ilikuwa vita na ngoma. Akioa akapata watoto alihesabiwa katika nthele. Na alipotaka kuingia katika atumia, watu wazima wenye kuketi katika nzama, yaani baraza la utui, alitoa mbuzi, na baadaye fahali, daraja kwa daraja, mpaka akafika kwa wale wachache waliokabidhiwa ithembo, mahali pa kutambikia. Kwa hiyo aliyeketi kuwahukumu wenzake alikuwa mtu aliyekwisha kutoa mali yake kwa ajili ya umma, akala pamoja nao, akajulikana tabia yake katika mambo madogo kabla hajaaminiwa makubwa. Natamani waandaaji wa leo wapitie chuo kama hicho.

Shughuli kubwa haikukamilika bila uki, pombe ya miwa au ya asali, iliyotiwa matunda makavu ya mwegea ndani ya vibuyu vikubwa ikawekwa penye joto la moto hata ikaumuka. Tone la kwanza lilimwagwa chini kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia. Kisha wazee walikunywa, na waliobaki wakafuata kwa mpango unaojulikana. Nyama nayo haikugawanywa kwa pupa. Kila kiungo cha mnyama kilikuwa na mwenyewe kwa umri na kwa daraja, na aliyeshika kisu alishika dhamana nzito, kwa sababu kosa lake halikuwa kosa la chakula. Kumpa mzee sehemu iliyokuwa ya kijana ilikuwa ni kumwambia mbele ya kadamnasi kwamba hahesabiwi. Na mtu aliweza kusamehe deni la ng'ombe asisamehe pande la nyama. Hata leo, katika mbuzi wa ntheo, ambao ukoo wa mvulana hupeleka kwa ukoo wa msichana ili ndoa ithibitike kwa mila, utaona wajomba na baba wadogo, watu waliosoma na wenye magari, wakitazama kwa makini ni nani aliyepewa nini. Na akikosewa mmoja wao, habari hiyo itafika Masii kabla yeye mwenyewe hajarudi nyumbani.

Sasa, aliyekosewa alifanyaje? Wazee wa Iveti na wa Kangundo husimulia kwamba ilikuwa fedheha kuu kuivuruga shughuli ya mtu ikiwa bado inaendelea. Mwenye neno alilimeza, akala alichopewa, akaaga kwa staha, akaenda zake. Baadaye, moto wa thome ulipowaka na ghadhabu ikiwa imepoa, alilitoa neno lake mbele ya wenzake. Na ikiwa ni zito, nzama ilikutana, na mwenye shughuli akaitwa. Hapo ndipo penye jambo ninalolistahi kuliko yote katika desturi hii: mwenye shughuli alikuja. Hakupeleka mtoto wala hakusema ana safari. Alikuja akaketi, akasikiliza shutuma mwanzo hata mwisho bila ya kumkatiza anayesema, kisha akajibu. Na ikionekana kwamba kweli alipunja, alitozwa mbuzi au uki, vikaliwa na kunywewa na wote pale pale, yeye na mshitaki wake wakiwa wamekaa mkao mmoja. Fidia ilikuwa ndiyo karamu ya pili, na karamu ya pili ikaponya jeraha la ile ya kwanza. Baada ya hapo aliyelirudia neno lile alihesabiwa mchochezi.

Desturi hii ilikuwa na kasoro yake, nami sitaificha. Wanawake hawakuwa na kiti katika nzama, wala vijana hawakuwa na sauti mbele ya wazee; na mzee naye aweza kupunja. Lakini Mwenyezi Mungu hakuwanyima wanawake na vijana ulimi. Kulikuwa na nyimbo za myali, ambazo kazi yake ilikuwa kusuta, na katika nyimbo hizo tabia ya mchoyo, ya mlafi, ya aliyewaalika watu akawalaza na njaa, ilielezwa kwa mafumbo mepesi ambayo hata mtoto aliyafumbua. Mtu aliyeimbwa hakuwa na hakimu wa kumkimbilia. Alisikia wimbo kisimani, akausikia shambani, na akienda ngomani utui wa pili akaukuta umekwisha kufika. Hata mwisho aliona nafuu kurekebisha alipokosea. Kwa njia hiyo wale waliofungiwa mlango wa baraza walipata mlango mwingine, na mwenye shughuli, awe na mali kiasi gani, alijua kwamba ulimi wa jamaa upo na unamngoja.

Desturi hii ya kupeleka lawama waziwazi, kwa miguu, mpaka kwa mwenye jambo, ilikuja kuonekana na dunia nzima mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba ardhi ya Ukamba inaharibika kwa wingi wa mifugo, ikaanza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu, na kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, tayari kuwapokea. Bei ilikuwa ya dhuluma. Watu walinung'unika katika thome zao, wakaandika barua, wasipate jibu la maana. Ndipo mwishoni mwa Julai, wakiongozwa na Muindi Mbingu, halaiki ya wanaume kwa wanawake, na watoto wao, walipoondoka Machakos wakaenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, ana kwa ana. Gavana alikataa kuwaona kule, akasema warudi kwao naye atakwenda kufanya baraza. Wao wakakaa. Walipiga kambi mjini majuma kadhaa, kwa utulivu uliowashangaza askari, na miongoni mwa askari hao walikuwamo Wakamba wengi, jambo lililoitia serikali tashwishi kubwa.

Ninapoitafakari habari hii, naona kwamba wale watu hawakuwa wamejifunza siasa katika vitabu. Walifanya lile ambalo baba zao walilifanya katika utui: waliokosewa walimwendea aliyekosea, wakaketi, wakangoja aje asikilize. Kilichowatia uchungu, zaidi ya ng'ombe, ni kwamba mwenye shughuli hakutaka kuja. Hatimaye Gavana alikuja Machakos mwezi wa Agosti. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishwa mpaka Lamu, akakaa uhamishoni miaka mingi. Walakini kabla mwaka 1938 haujaisha serikali iliuacha mpango wa kuuza mifugo kwa nguvu. Barabara moja katikati ya Nairobi ina jina la Muindi Mbingu leo, na wengi wapitao hapo hawajui kwamba jina lile ni la mtu aliyepeleka malalamiko.

Tangu hapo mikusanyiko yetu imebadilika sura. Ilikuja harambee, yenye meza kuu iliyofunikwa kitambaa na soda za wageni wa heshima, na watu wa kawaida wakajifunza kungoja mchana kutwa kwa ajili ya mtu mmoja atakayefika jioni na kuondoka upesi. Ulikuja muziki wa benga la Kikamba, ambao Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliupa heshima nchi nzima, na ambao baada yao umezaa wapigaji wengi, kila mmoja akiwa na mashabiki wake wenye kumtetea kama watetezi wa ukoo. Ilipokuja serikali ya kaunti mwaka 2013, mji wetu ukafunguliwa milango kwa nguvu mpya: Uwanja wa Kenyatta ukachezewa mechi za Kombe la CECAFA mwaka huo huo, bustani ya watu wote ikatengenezwa karibu na bwawa la Maruba, ukaanzishwa na mpango wa Machawood ili vijana watengeneze filamu, na mashindano ya raga ya Masaku Sevens yakawa yanawaleta vijana wa Nairobi kwa maelfu, pamoja na ulevi na lawama zake. Haya yote ni mema kwa mji wenye kutaka riziki, nami si miongoni mwa wanaotaka milango ifungwe. Mji ambao reli iliupitia kando mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na makao ya serikali yakahamia Nairobi, una haki ya kufurahi watu wanaporudi.

Walakini nitazame nini kilichotokea katika tamasha moja la muziki nililohudhuria katika kiwanja nje ya mji, ambalo waandaaji wake sitawataja. Tiketi ziliandikwa saa mbili usiku. Saa nne lango lilikuwa lingali limefungwa, na watu wamebanana katika mlango mmoja mwembamba, mabaunsa wakiwasukuma kwa vifua. Mama mmoja wa makamo, aliyevaa leso mpya na viatu vya kanisani, alimwuliza kijana wa mlangoni kwa upole, "Mwanangu, tutaingia saa ngapi?" Kijana akamjibu bila ya kumtazama, "Ngojea kama wengine, mama." Yule mama akanyamaza, akavua viatu akavishika mkononi. Ndani, spika zilikoroma, jenereta likazimika, likawashwa, likazimika tena. Vyoo vilikuwa viwili kwa umati ule wote, na maji ya kunywa yaliuzwa kwa bei ya kumkomoa mtu mwenye kiu. Sehemu ya mbele, iliyokuwa imeuzwa kwa bei ya juu kwa wenye kufungwa mkanda wa rangi ya dhahabu mkononi, ilikwisha kujazwa na marafiki wa wenye shughuli, na waliolipa wakasimama nyuma. Mpigaji aliyewaleta watu alipanda jukwaani saa tisa, akaimba nyimbo chache, kukapambazuka. Kulipopambazuka, walioandaa hawakuonekana. Hema la mapato lilikuwa limekunjwa, na aliyebaki ni mlinzi wa usiku, ambaye alipoulizwa alisema yeye naye hajalipwa.

Ugumu wa usiku ule sio ulionihuzunisha. Umati wowote una taabu zake, na zamani pia mvua ilinyesha ngomani na pombe ikachacha. Lililonihuzunisha ni ukimya wa siku iliyofuata. Watu walisema sana, katika matatu, sokoni, katika simu zao, kwa maneno makali na mengine ya matusi. Lakini walisema wao kwa wao. Hapakuwa na thome ya kuyapeleka. Hapakuwa na mtu aliyeketi akasema, mimi ndimi niliyewaita, nielezeni. Miezi michache baadaye tangazo la tamasha jingine lilibandikwa nguzoni kwa rangi zile zile, na watu wale wale wakanunua tiketi, kwa kuwa kiu ya kukusanyika haikomi kwa kudhulumiwa. Lawama isiyokuwa na mahali pa kupelekwa hugeuka kuwa dhihaka, kisha huwa dharau, na mwisho watu huzoea kupunjwa. Naliona jambo hilo kuwa msiba kwa kaumu ambayo zamani ilikwenda Nairobi kudai ng'ombe wake.

Vijana wetu wa leo wana mapenzi mapya, nao ni haki watajwe. Wapo katika Machakos wavulana na wasichana wanaosoma hadithi za kubuni za kisayansi, wanaotazama katuni za Kijapani, wanaojishonea mavazi ya mashujaa wa katuni kwa vitambaa vya soko la mitumba, na ambao hupanda matatu kwenda Nairobi kwenye NAICCON, maonyesho ya mashabiki wa katuni yaliyoanza mwaka 2015. Baadhi ya wazazi huwaona kama waliopotea. Mimi naona ni anake wa ngoma nyingine. Na kwa kuwa Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, alitoa filamu ya Pumzi mwaka 2009, inayosimulia Afrika ya Mashariki baada ya vita vya kugombea maji, hawana haja ya kuambiwa kwamba sanaa hiyo si yao. Nchi yenye ukame kama ya kwetu inaielewa filamu ile kuliko wengi walioisifu ng'ambo.

Watu wa mapenzi haya wana mikutano yao mikubwa duniani tangu zamani, na lawama zao ni za zamani vile vile. Mkutano wao wa kwanza wa dunia ulifanyika New York mwezi wa Julai 1939, mwaka mmoja tu baada ya safari ya Wakamba, na watu wapatao 200 wakahudhuria. Waliousimamia walikuwa vijana, na vijana wenzao wa kundi jingine walikuwa na manung'uniko juu ya namna walivyousimamia. Siku ya kufungua, wasimamizi wakavigundua vijitabu vilivyofichwa ukumbini, vyenye kuwaonya watu kwamba mkutano unaendeshwa kwa mabavu. Badala ya kujibu, wakawazuia mlangoni watu sita. Na miongoni mwa sita hao walikuwamo Frederik Pohl na Cyril Kornbluth, ambao baadaye waliandika vitabu vya kusifiwa katika fani hiyo. Aliyevichapisha vijitabu, Dave Kyle, alikuwa ndani muda wote, wala hakuzuiwa. Yule kijana wa mlangoni wa Machakos na wale wasimamizi wa New York wana maradhi mamoja: wanaiona lawama kuwa mtu, wakadhani wakimfungia mtu nje nayo imebaki nje.

Mwaka 2023 mkutano huo ulifanyika Chengdu, Uchina, na humo ndimo hutolewa Tuzo ya Hugo kwa kura za mashabiki. Hesabu za kura zilipotangazwa Januari 2024, wapiga kura waliona kwamba baadhi ya kazi na watu waliopata kura za kutosha walikuwa wameondolewa bila ya sababu kutajwa. Mojawapo ilikuwa Babel, riwaya ya R. F. Kuang, iliyokwisha kushinda Tuzo ya Nebula. Watu waliuliza, wakajibiwa kwa kifupi na kwa kiburi. Mwezi uliofuata zikafichuka barua zilizoonyesha kwamba wasimamizi waliwachunguza waandishi kwa jicho la siasa kabla ya kuwapitisha. Aibu ile iliwaangukia wote, hata wasiohusika, na waliolipa ada zao kwa nia njema wakajiona kama watu waliotiwa mchanga machoni. Lakini waliochukua zamu baada yao, wa Glasgow, walifanya jambo la kiungwana. Kabla mkutano wao wa Agosti 2024 haujaanza, walipogundua kwamba kuna kura za hila, walijitokeza wenyewe wakasema kwamba wamezifuta kura 377, wakaeleza jinsi walivyozitambua na kwa nini walizifuta, tena wakasema hawana sababu ya kudhani kwamba yule aliyekusudiwa kupata faida alijua. Hawakungoja kusutwa. Mzee yeyote wa nzama, akihadithiwa habari hiyo katika lugha yake, angetikisa kichwa kwa kuridhika.

Kwa hiyo sioni kwamba desturi ya thome ni jambo la kale lisilofaa kwa spika na tiketi za kununuliwa kwa simu. Ukubwa wa umati hauiondoi haki, huiongeza. Utui ulipokuwa na watu mia, aliyewaalika aliwajua kwa majina, na haya peke yake yalimtosha kuwa mlinzi wa nafsi yake. Leo mwandaaji humwalika asiyemjua, humtoza kabla hajampa kitu, na huweza kuhamia mji mwingine na jina jingine. Basi aliyepunjwa ana haja kubwa zaidi ya baraza kuliko babu yake. Wapenzi wa burudani nao hawana budi kurudi katika adabu yao. Kurusha chupa jukwaani, kumtukana mpigaji kwa kosa la mwenye jenereta, kuvunja ua wa jirani kwa hasira ya mlangoni, hayo wazee wetu wangeyahesabu kuwa makosa yenye kutozwa fahali, na aliyeyatenda angepoteza haki ya kusikilizwa hata kama alikuwa amedhulumiwa kweli.

Nawasihi wote wanaoandaa tamasha, mashindano na maonyesho katika Machakos, na wale wa kaunti wanaowapa idhini ya viwanja, wafanye jambo moja ambalo halina gharama kubwa. Tiketi ichapishwe pamoja na siku na mahali pa kusikiliza malalamiko, ndani ya juma moja baada ya shughuli, katika ukumbi wa wazi usiolipiwa. Na wenye shughuli wenyewe, si makarani wao, waketi hapo wakiwa na daftari la mapato, wawasikilize waliokuja bila ya kuwakatiza, na wawarudishie fedha waliouziwa nafasi wasiipate. Atakayekataa kuja asipewe uwanja mara ya pili. Na wewe msomaji, siku hiyo ikitangazwa, usiogope kuja. Njoo na tiketi yako, useme ulilonalo kwa utaratibu, kisha ukae umsikilize na yeye.